Kanjo ni ya Nani? Nairobi na Kipimo Kinachohamahama

Piga kelele "Kanjo!" pale Muthurwa uone kitakachofuata. Maembe yanafungwa ndani ya shuka, soksi za mia zinapotea kwa gunia, na baada ya nusu dakika barabara imebaki na wapita njia peke yao. Hakuna mtu husimama aulize ni kanjo gani, imetumwa na nani, kwa sheria gani. Unakimbia kwanza, maswali baadaye.

Sasa hebu tulitazame hilo neno. Ni Kiingereza kilichonyolewa, na maana yake ni baraza. Kule Pwani ukisema baraza, mtu anafikiria wazee, kahawa na mazungumzo mbele ya nyumba. Huku Nairobi ukisema kanjo, mtu anafikiria kirungu na lori. Neno la kuwakilishwa limegeuka likawa neno la kukimbia. Mimi naona hiyo haikutokea tu hivi hivi. Watu wa kawaida wa mji huu walikutana na baraza likiwa askari miaka mingi sana kabla hawajakutana nalo likiwa kura.

Shuleni tulikariri Devonshire 1923, Lyttelton 1954, Lennox-Boyd, tukapata alama zetu, tukasahau. Tulifundishwa kama orodha ya vitu vya kumeza. Lakini ukizipanga hizo tarehe kando ya ramani ya mitaa yetu, unaona kitu ambacho mwalimu hakusema. Kila kundi lilipokaribia mlango wa baraza, waliokuwa ndani walibadilisha kipimo cha kuingia. Leo kipimo ni pesa, kesho ni rangi, keshokutwa ni elimu. Kitu ambacho hakikubadilika ni nani amekaa ndani.

Turudi mwanzo. Reli ilifika hapa 1899, pahali pa majimaji ambapo Wamaasai walinywesha ng'ombe. Mji ukaanza kama kambi ya reli: vibarua, mahema, maduka ya Wahindi, ofisi za Wazungu. 1902 tauni ikaingia kwa soko la Wahindi na maafisa wakaliteketeza kwa moto. Kumbuka hiyo, kwa sababu lugha ya "usafi" na "afya" ndiyo itakayotumiwa baadaye kugawanya mitaa. Daktari mmoja aliyeitwa Simpson aliletwa kuchunguza, na ripoti yake ya kama mwaka 1914 ikapendekeza mitaa igawanywe kwa rangi. Wazungu juu, kwenye miinuko na hewa safi. Wahindi kando. Mwafrika? Mwafrika alihesabiwa kama mgeni aliyekuja kufanya kazi, akimaliza arudi kwao.

Katika mji huo alikuwepo tajiri mmoja anaitwa A. M. Jeevanjee. Ndiyo, huyo wa Jeevanjee Gardens, pale mahubiri ya lanchi huwa yamechacha. Alipata kandarasi za reli, alijenga nusu ya mji ulipokuwa mchanga, alianzisha gazeti ambalo leo tunaliita The Standard, na 1906 akaipa Nairobi hiyo bustani. 1909 akateuliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria, mtu wa kwanza asiye Mzungu kukaa pale. Kumbuka: aliteuliwa, hakuchaguliwa.

Nimemtaja kwa sababu watu wengi hudhani hadithi ya ukoloni ilikuwa ya weupe na weusi peke yake. Kesi ya Wahindi ndiyo inafichua ujanja wote. Sababu iliyotolewa na walowezi kila mara ilikuwa hii: mji ni wa walipa kodi, na anayelipa ndiye anayefaa kuamua. Sawa. Lakini Wahindi walikuwa wanalipa. Maduka yalikuwa yao, ploti za biashara zilikuwa zao, na Nairobi walikuwa wengi kuliko Wazungu kwa mbali. Kwa kipimo cha pesa walikuwa wamefika mlangoni kabisa. Hapo ndipo kipimo kikahama. Ghafla haikuwa pesa tena. Ikawa "ustaarabu", ikawa rangi.

Angalia hesabu. 1919 sheria ilipitishwa ya kuwapa Wazungu wa hapa haki ya kuchagua wabunge wao, wanaume na wanawake. Mwaka uliofuata wakachagua 11. Sensa ya 1921 ilihesabu Wazungu wasiofika 10,000 nchi nzima. Wahindi walikuwa zaidi ya 22,000. Wahindi wakapiga kelele, wakataka orodha moja ya wapiga kura, kila mtu ndani, bila kujali rangi. Walowezi wakakasirika kiasi cha kupanga njama ya kumteka gavana. Sicheki, ilikuwa mipango ya kweli. London ikaingilia kati na 1923 ikatoa ule waraka wa Devonshire: Wazungu wabaki na viti 11, Wahindi wapewe 5 kwenye orodha yao ya kando, Waarabu 1. Na Waafrika, mamilioni, wawakilishwe na mmisionari mmoja Mzungu wa kuteuliwa. Waraka huohuo ndio ulisema kwamba maslahi ya Mwafrika ndiyo ya kwanza. Maslahi yawe ya kwanza, sauti iwe ya mwisho. Hiyo sentensi walimu wetu waliipenda sana kwenye mtihani.

Mwaka mmoja kabla ya huo waraka, watu wa Nairobi walikuwa wamejaribu kujieleza kwa njia iliyobaki. Harry Thuku alikuwa karani wa simu serikalini. Alikusanya vijana wa mjini, wa makabila tofauti, kulalamika kuhusu kodi, kuhusu mishahara iliyopunguzwa na kuhusu kipande, ile karatasi ambayo kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alilazimishwa kuwa nayo, ndani ya kibweta cha chuma shingoni. Akakamatwa Machi 1922. Umati ukaenda nje ya kituo cha polisi, tarehe 16, wakitaka aachiliwe. Mwanamke mmoja, Muthoni Nyanjiru, akawachokoza wanaume waliokuwa wanasitasita. Polisi wakafyatua risasi. Serikali ilikubali watu 21 walikufa, wengine walisema ni zaidi. Leo barabara inayopita hapo inaitwa Harry Thuku Road, na wanafunzi wa chuo kikuu huvuka kila siku wakienda kutafuta chipo.

Sasa tushuke kwa baraza la mji lenyewe, kwa sababu hapo ndipo mambo yanakuwa ya kwetu zaidi.

Nairobi ilipata baraza la manispaa 1919. Mwishoni mwa miaka ya 20, jaji kutoka Afrika Kusini, Feetham, aliitwa kupanga serikali za mitaa, na kutokana na ripoti yake ikaja sheria ya 1928. Kwa manispaa alihakikisha Wazungu wanabaki wengi barazani, hata kama mjini wenyewe ni wachache. Ukitaka kuelewa jinsi Mwafrika alivyofungiwa nje, usitafute kifungu kinachosema "Mwafrika haruhusiwi". Hawakuhitaji kuandika hivyo. Walisema tu kura ya manispaa inaendana na mali: ploti, nyumba, jina lako kwenye daftari la wanaolipa kodi ya ploti. Halafu upande wa pili wakahakikisha Mwafrika hawezi kupata ploti.

Ona ilivyopangika. Muthaiga na mitaa ya juu, hati za ardhi zenyewe zilikuwa na masharti ya nani anaweza kuishi. Mwafrika alipangiwa Pumwani, ambako ungejenga nyumba yako ya udongo lakini ardhi si yako, ni ruhusa tu ya kukaa. Kijiji cha Pangani, ambacho watu walikuwa wameishi tangu mji uanze, kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 30 na wenye nyumba wakasukumwa Shauri Moyo. Baadaye zikaja nyumba za kanjo na za reli: Ziwani, Kaloleni, Makongeni. Nyingi zilijengwa kwa hesabu ya vitanda, si familia. Mwanamume mmoja, kitanda kimoja, mke na watoto wabaki ocha. Wewe ni mpangaji wa baraza, na mpangaji hana jina kwa daftari. Hauna jina kwa daftari, hauna kura.

"Lakini hawakuwa wanalipa kodi," mtu atasema, na hii hoja bado naisikia hadi leo kuhusu watu wa mitaa ya mabanda. Walilipa, bana. Kwanza, kodi ya kibanda na kodi ya kichwa ilikuwa inakusanywa na serikali kuu, mjini na kijijini. Pili, kila mwezi walilipa baraza pesa ya nyumba. Na tatu, hii ndiyo naipenda kwa ubaya wake, walilipa kupitia pombe.

Kuanzia mwanzo wa miaka ya 20 baraza liliendesha ukumbi wa pombe kule Pumwani. Pombe ya kienyeji ikawa biashara ya manispaa peke yake. Wanawake wa Majengo na Pangani waliokuwa wakipika na kuuza ili walipe nyumba na kulisha watoto wakawa wahalifu usiku mmoja, askari wakawa wanavamia na kumwaga mitungi. Faida ya ukumbi ikaingia kwenye hazina maalum ya Waafrika, na ndiyo iliyosaidia kugharamia zile huduma chache za mtaani. Kwa hivyo mwanamume anabeba mizigo mchana, jioni anakunywa pombe ya kanjo, faida inajenga choo cha mtaa wake, halafu anaambiwa hastahili kura kwa sababu hachangii mji. Yule mama aliyemwagiwa busaa naye analipia askari waliokuja kumwaga.

Hapo ndipo kanjo ilizaliwa kama tunavyoijua: inakagua, inafukuza, inamwaga, inakusanya.

Waafrika wa kwanza wawili waliingia baraza la manispaa 1946, kwa kuteuliwa. Miaka miwili baadaye sensa ilikuta Nairobi ina watu karibu 119,000. Zaidi ya nusu walikuwa Waafrika. Wazungu hawakufika hata mmoja kwa kila kumi, na bado meya alikuwa wao, kamati zilikuwa zao, na bajeti ilikuwa yao.

Machi 1950 Nairobi ikapewa hati ya kifalme ya kuwa jiji. Sherehe kubwa, bendera, mgeni kutoka ukoo wa mfalme. Mitaa ya Eastlands haikuwa na cha kusherehekea, na ilikuwa imejaa uvumi kwamba mipaka ikipanuliwa, ardhi zaidi ya Kiambu itamezwa. Vyama vya wafanyakazi chini ya Makhan Singh na Fred Kubai vikaitisha mgomo wa kususia sherehe. Mwezi uliofuata Makhan Singh akasimama ndani ya ukumbi wa Kaloleni akataka uhuru wa Afrika Mashariki, sasa hivi, wakati wengi bado waliogopa kulitamka hilo neno. Mwezi wa Mei wote wawili wakakamatwa, na Nairobi ikasimama kwa mgomo wa siku kadhaa.

Ndani ya dhoruba hiyo walikuwepo wale madiwani wachache Waafrika, na nadhani historia imewasahau kwa sababu hawakai vizuri kwenye hadithi ya mashujaa na wasaliti. Fikiria nafasi yao. Umeteuliwa na Mzungu. Unakaa kwenye meza ambayo hauwezi kushinda kura hata moja. Ukisema ukweli barazani, unapuuzwa. Ukirudi mtaani, unaulizwa umeleta nini, na hauna jibu. Muchohi Gikonyo alishambuliwa kwa risasi 1950, akanusurika. Tom Mbotela, aliyekuwa pia kiongozi wa KAU mwenye msimamo wa wastani, aliuawa Novemba 1952, mwezi mmoja tu baada ya Hali ya Hatari kutangazwa. Ambrose Ofafa naye aliuawa katika miaka hiyo.

Umewahi kupanda matatu ya Mbotela? Umewahi kwenda Ofafa Jericho ama Ofafa Maringo? Basi ndio hao. Jiji lilibandika majina yao kwenye nyumba za kupangisha. Naona hapo kuna uchungu wa aina yake: kiti walichopewa kilikuwa na uzito wa kutosha kukuua, lakini hakikuwa na nguvu ya kutosha kuongeza mfereji mmoja wa maji.

Wakati huohuo kijana mmoja wa miaka ishirini na kitu alikuwa ameajiriwa na kanjo kama mkaguzi wa afya. Jina lake Tom Mboya. Ndiyo, yeye pia alikuwa kanjo. Alifanya kazi ileile na wakaguzi Wazungu, lakini mshahara wake ulikuwa sehemu ndogo tu ya wao. Kuna kisa alichokisimulia mwenyewe baadaye. Yuko peke yake kwa ofisi, mwanamke Mzungu anaingia na chupa ya maziwa ya kupimwa, anatazama huku na huku, anauliza kwani hakuna mtu hapa. Mboya akamwambia labda macho yake yana shida. Watu hucheka hicho kisa. Mimi nakiona kama muhtasari wa baraza lenyewe: mtu amesimama mbele yako, amevaa koti la kazi, na kwa hesabu zako chumba ni tupu.

Mboya alianza kwa kupanga chama cha wafanyakazi wa baraza, kabla hata ya siasa kubwa. Halafu 1957 ukaja uchaguzi wa kwanza wa Waafrika kwa Baraza la Kutunga Sheria. Hapa ndipo nataka ukae chini, kwa sababu mfumo wenyewe ulikuwa kiroja.

Afisa anaitwa Coutts alipewa kazi ya kupendekeza Mwafrika gani apige kura. Mzungu alikuwa anapiga kwa kuwa ni mtu mzima. Mhindi pia. Mwafrika ilibidi ahitimu. Ulihitaji kiwango fulani cha shule, ama kipato cha pauni 120 kwa mwaka ama mali ya pauni 500, ama miaka mingi ya utumishi, ama nishani. Na kadiri ulivyokuwa na sifa zaidi ndivyo ulivyopewa kura zaidi, hadi tatu. Ndiyo, mtu mmoja kura tatu! Mwalimu mwenye mshahara anapiga tatu, mpagazi wa Gikomba hapigi hata moja. Kama wewe ni Mkikuyu, Mwembu ama Mmeru, ongeza cheti cha uaminifu kutoka kwa serikali. Na hii ilikuwa baada ya Operesheni Anvil ya Aprili 1954, ambapo jeshi lilizingira Nairobi na kuwabeba maelfu ya Wakikuyu hadi kambini. Kwa hivyo kwanza waliondoa watu, halafu wakaandikisha wapiga kura.

Nchi nzima waliandikishwa takriban 126,000. Viti vilikuwa 8. Nairobi alishinda Mboya kwa tofauti ndogo dhidi ya wakili Argwings-Kodhek. Weka hesabu ya sensa ya 1948 hapo: Wazungu kama 30,000 walikuwa na wabunge 14 wa kuchaguliwa, yaani mmoja kwa watu kama 2,100. Wahindi na Wagoa karibu 98,000 walikuwa na 6, mmoja kwa watu kama 16,000. Waafrika zaidi ya 5,000,000 walikuwa na 8, yaani mmoja kwa zaidi ya watu 650,000. Wale wanane, akina Mboya, Odinga, Moi, Muliro na Ngala, walikataa nafasi za uwaziri wakasema hiyo hesabu kwanza. Mwaka uliofuata wakaongezewa viti 6 wakafika 14 sawa na Wazungu. Sawa kwa viti. Kwa watu, bado ilikuwa kichekesho.

Uhuru ulipokaribia, kipimo cha rangi kilivunjika, na kilivunjika kweli. Sitaki kusikia mtu akisema hakuna kilichobadilika. 1962 Charles Rubia akawa meya wa kwanza Mwafrika wa Nairobi. Kura ikawa ya kila mtu mzima, mwenye ploti na mpangaji. Kwa mara ya kwanza mama wa Majengo angeweza kumfukuza diwani.

Ila angalia kilichofuata. Mara tu maskini wa mji walipopata kura ya baraza, baraza lenyewe likaanza kupoteza maana. 1969 serikali kuu ilichukua shule za msingi, afya na barabara kutoka kwa mabaraza ya kaunti. Manispaa kubwa kama Nairobi zilibaki na majukumu yao, lakini miaka michache baadaye kodi ya mapato iliyokuwa inalisha mabaraza ikaondolewa pia. Halafu 1983 serikali ikavunja kabisa baraza la jiji la Nairobi, ikaweka tume ya watu wa kuteuliwa. Tuseme ukweli, kanjo ya wakati huo ilikuwa imeoza, takataka zilijaa na pesa zilipotea. Lakini dawa ikawa kuwanyang'anya wakazi kura yao, na hiyo dawa ikanywewa hadi 1992. Karibu miaka 10, jiji kubwa kuliko yote nchini halikuwa na diwani hata mmoja.

Ndani ya miaka hiyo ndipo Muoroto ilibomolewa. Mei 1990, mtaa wa mabanda karibu na stendi ya mabasi ya Machakos. Askari wa tume wakaja na matingatinga, wakazi wakapigana, na viongozi wa makanisa na serikali wakavutana kuhusu waliokufa. Maina Wanjigi, mbunge wa Kamukunji na waziri, akalaani. Akafutwa uwaziri. Yaani mtu pekee pale aliyekuwa amechaguliwa na watu wa eneo hilo ndiye aliyeadhibiwa kwa kuwasemea. Diwani wa kusema hakuwepo, kwa sababu kiti hakikuwepo.

Linganisha na upande wa pili wa jiji miaka michache tu baadaye. Wakazi wa Karen na Lang'ata walichoka na kanjo, wakaenda kortini kupitia chama chao wakidai hawawezi kulipia huduma wasizopata. Siwalaumu, nami ningefanya hivyo. Lakini ona silaha waliyokuwa nayo: kodi ya ploti. Mwenye ploti akikataa kulipa, kanjo inatetemeka. Mpangaji wa chumba kimoja Mukuru akikataa kulipa, anafungiwa mlango na vitu vinatupwa nje. Na pesa yake ndiyo mwenye ploti hutumia kulipa hiyo kodi, kama analipa. Ni hesabu ileile ya Pumwani, imebadilisha nguo tu: unalipa, lakini risiti ina jina la mtu mwingine.

Katiba ya 2010 ilileta kaunti. Nairobi ina wadi 85, na kwa sensa ya 2019 tulikuwa karibu milioni 4.4, yaani zaidi ya watu 50,000 kwa kila MCA. Mwaka wa 2020 majukumu makubwa ya kaunti, afya na barabara na mipango ya mji, yalihamishiwa kwa shirika lililoundwa na serikali kuu na kuongozwa na jenerali wa jeshi. Tena sababu ilikuwa ya kweli, kaunti ilikuwa kwa shida. Tena dawa ikawa ileile, hadi 2022. Kuna watu waliosifu wakisema wanajeshi wanafanya kazi. Wengine walisema hivyohivyo kuhusu tume ya 1983.

Na kile kipimo cha Coutts je? Bunge letu lilipitisha sheria kwamba MCA lazima awe na digrii kuanzia uchaguzi wa 2022. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ikaitupa nje. Kabla hujasema "lakini wasomi ni bora", jiulize ni wadi gani zingebaki na watu wangapi wa kugombea. Ada ya tume ya uchaguzi kwa MCA ni shilingi 5,000, nusu yake kwa vijana na wanawake, hiyo unaweza kuchangiwa na marafiki. Shida si hiyo ada. Shida ni tiketi ya chama, fulana, mafuta ya boda, mikono inayonyooshwa kila kona, na mitungi ya maji ya kununua kabla hujasema sera moja. Sheria ya kudhibiti pesa za kampeni iko tangu 2013. Mipaka ilipotangazwa 2021, Bunge likaikataa. Waliokuwa ndani ndio waliopiga kura.

Kuna mahali pamoja ambapo mpangaji ana haki sawa na mwenye ploti hata bila kugombea, nayo ni mkutano wa maoni ya wananchi kuhusu bajeti ya kaunti. Uko kwa Katiba. Tangazo huwekwa gazetini, na mara nyingi mkutano wenyewe ni siku ya kazi, asubuhi, saa zile mama mboga ameshafungua kibanda na mjengo umeshaanza kuita majina. Anayehudhuria ni yule ambaye akikosa kazi nusu siku, mshahara haukatwi. Ukiona tangazo lijalo, piga picha uweke kwa grupu ya ploti yenu, si grupu ya wasomi. Halafu ukifika, hesabu viti vya plastiki, uhesabu waliokalia ambao huwa wanatafuta pesa ya nyumba kila tarehe tano, na uandike hiyo nambari mahali.